Corolla imeitwa mara nyingi. Barua iliishia kwa nani?

Kama wiki hii umepanda teksi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulikaa ndani ya Corolla au ndugu yake wa karibu. Labda ilikuwa ile 110 ya zamani, au NZE, au Axio, au Fielder yenye mgongo mrefu. Ukamwambia dereva unakokwenda, ukafunga mlango, ukatoa simu. Hukujiuliza kama gari hilo limewahi kuitwa na kampuni iliyolitengeneza. Na uwezekano ni kwamba dereva naye hajui.

Tuanze na neno lenyewe. Kampuni ya magari ikigundua kwamba gari ambalo imeshaliuza lina kasoro ya usalama, sheria za nchi nyingi zinailazimisha itangaze, iwatafute wenye magari na kuitengeneza kasoro hiyo bure. Kwenye habari utasikia "kampuni fulani yarejesha magari milioni mbili", ukapata picha ya meli zikirudi Japani zimejaa magari. Hakuna kitu kama hicho. Mwenye gari anapata barua, anakwenda kwa wakala, anabadilishiwa kifaa, anarudi nyumbani jioni. Kwa hiyo humu nitatumia neno "wito". Gari linaitwa. Swali ni nani anausikia mwito huo.

Nimeichagua Corolla kwa sababu ni jina moja lililodumu tangu 1966. Mwaka 1997 ililipita Volkswagen Beetle kwa mauzo, na mwaka 2021 Toyota ilitangaza kwamba Corolla zilizouzwa zimepita milioni 50. Gari lililouzwa kiasi hicho, kwa miaka yote hiyo, lazima litakuwa limeitwa mara nyingi. Hilo peke yake si aibu. Hoja yangu ni nyingine: ukiifuatilia historia ya miito ya Corolla utaona kwamba kasoro zenyewe mara nyingi ni ndogo, na dawa yake mara nyingi ni rahisi. Kigumu ni kuifikisha habari kwa mtu anayeshika usukani leo. Na sisi wa Afrika Mashariki tuko mwisho kabisa wa foleni ya habari hiyo.

1966: gari na sheria vyazaliwa pamoja

Mwaka 1965 mwanasheria kijana wa Marekani, Ralph Nader, alitoa kitabu kilichozishutumu kampuni za magari kwa kuuza vyombo ambavyo si salama huku zikijua. Kelele zikawa nyingi. Tarehe 9 Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya taifa ya usalama wa magari. Wiki chache tu baadaye, upande wa pili wa dunia, Toyota ikaizindua Corolla ya kwanza, saluni ndogo yenye injini ya sentimita za ujazo 1,077. Mwaka 1968 gari hilo lilikuwa tayari linauzwa Marekani.

Isome sheria ile ya 1966 taratibu, maana ndani yake kuna jambo litakalotufuata hadi mwisho wa makala hii. Ilisema kampuni ikigundua kasoro ya usalama imjulishe mnunuzi wa kwanza kwa barua ya rejista, pamoja na yeyote aliyelinunua gari baadaye na kuhamishiwa dhamana yake. Wengine hawakutajwa. Pia haikuilazimisha kampuni kutengeneza bure. Hilo liliongezwa kwa marekebisho ya mwaka 1974. Lakini ona mantiki yake: mtu anayefikiriwa ni yule aliyelinunua gari jipya dukani, mwenye jina na anwani katika daftari la kampuni. Wa pili, wa tatu na wa tano wanaanza kufifia tangu hapo.

Japani nayo iliweka utaratibu wake wa kutangaza wito mwaka 1969, baada ya magazeti kufichua kwamba kampuni za nchi hiyo zilikuwa zikitengeneza kasoro kimyakimya bila kuutangazia umma. Kwa maneno mengine, kasoro zilikuwepo na tiba ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu kusema kwa sauti.

2009: kapeti, pedeli na miezi minne

Turuke hadi tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, California. Askari wa barabarani aliyekuwa mapumzikoni alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa na wakala wakati gari lake likitengenezwa. Lexus ni mali ya Toyota. Pedeli ya mafuta ikanaswa na kapeti la miguuni, gari likaongeza mwendo na kukataa kupungua. Watu wanne wa familia moja walikufa. Simu waliyopiga kuomba msaada ilirekodiwa, na Wamarekani waliisikia kwenye televisheni.

Kapeti! Unaweza kucheka, lakini fikiria. Kapeti nene la mpira, lililowekwa juu ya kapeti lingine bila kufungwa, linasogea mbele kidogo kidogo. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, ncha ya pedeli inaingia chini ya ukingo wa kapeti na kubaki hapo. Injini inazidi kuvuma. Breki nazo zinapungua nguvu ukizipiga mara nyingi, kwa sababu injini iliyo wazi kabisa haizalishi ule mvuto wa hewa unaozisaidia.

Toyota ilitangaza wito wa magari karibu milioni 3.8 Marekani. Ikawahakikishia watu kwamba chanzo kimepatikana na kimeshughulikiwa. Corolla haikuwa katika orodha.

Hapa ndipo historia inapouma. Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 katika makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani, na ikakiri kwamba iliwapotosha wateja. Katika maelezo yaliyotolewa siku hiyo, tuliambiwa kwamba majaribio ya ndani ya kampuni yalikuwa yameonyesha kuwa Corolla ilikuwa miongoni mwa magari matatu mabaya zaidi kwa pedeli kunaswa na kapeti. Majaribio hayo yalikuwepo huku umma ukiambiwa mambo yako sawa. Corolla za 2009 na 2010 ziliongezwa kwenye wito wa kapeti mwishoni mwa Januari 2010.

Wakati huohuo kulikuwa na kasoro ya pili ambayo haikuhusiana na kapeti hata kidogo. Hii inahitaji somo dogo la uhandisi. Zamani pedeli ya mafuta iliunganishwa na injini kwa kebo ya chuma. Kebo hiyo ilisuguana na ala yake, ndiyo maana mguu ulihisi uzito fulani. Magari ya kisasa hayana kebo: pedeli ina sensa inayopeleka ishara za umeme. Bila kebo, pedeli ingekuwa nyepesi mno, na kila ukitikisika kwenye barabara mbovu gari lingerukaruka. Kwa hiyo wahandisi waliongeza msuguano wa makusudi: kipande kidogo kinachosugua ndani ya pedeli yenyewe, ili tu mguu uhisi kitu. Katika pedeli zilizotengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo CTS, sehemu hiyo ilipochakaa na kupata unyevu ilianza kung'ang'ania. Pedeli ikawa inarudi polepole, au inabaki imekwama katikati.

Tarehe 21 Januari 2010 Toyota iliita magari milioni 2.3 Marekani kwa ajili hiyo, na safari hii Corolla za 2009 na 2010 zilikuwemo tangu mwanzo. Siku chache baadaye mauzo ya aina nane za magari yakasimamishwa. Dawa ilikuwa nini? Kipande kidogo cha chuma, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, kinachochomekwa ndani ya pedeli ili kupunguza msuguano. Basi.

Lakini tazama tarehe nyingine. Mnamo 29 Septemba 2009, karibu miezi minne kabla, Toyota ilikuwa imeshatuma maelekezo ya kutengeneza pedeli hizohizo kwa wasambazaji wake wa nchi 31 za Ulaya na Kanada. Sheria ya Marekani inataka mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ijulishwe ndani ya siku tano za kazi. Kwa kuchelewa huko Toyota ilitozwa faini ya dola milioni 16.4, kubwa kuliko zote za aina yake kwa wakati ule. Mwezi Februari mkuu wa kampuni, Akio Toyoda, alikuwa amekwenda mwenyewe mbele ya Bunge la Marekani kuomba radhi.

Kwa haki ya historia, lazima niseme na upande wa pili. Wengi waliamini kwamba kompyuta za magari ndizo zilizokuwa zikipandisha mwendo zenyewe. NHTSA iliwaomba wahandisi wa NASA wachunguze, na ripoti ya Februari 2011 haikupata kasoro ya kielektroniki inayoweza kueleza matukio hayo. Ilibaki kapeti, pedeli zinazong'ang'ania, na katika matukio mengi, dereva aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba Toyota zilikuwa na mashetani. Zilikuwa na vitu viwili vidogo vinavyotibika, na kampuni iliyochelewa kusema.

Lehemu, grisi na kichujio

Baada ya hapo Corolla iliendelea kuitwa, na kila wito unafundisha kitu.

Agosti 2010 ziliitwa Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008, karibu milioni 1.33 Marekani na Kanada. Kompyuta ya injini ilikuwa na uwezekano wa kupata ufa kwenye lehemu, zile nukta za metali zinazoshikilia vifaa kwenye bodi ya umeme. Ufa ukitokea, injini inaweza kugoma kuwaka au kuzimika ukiwa barabarani.

Oktoba 2012 likaja jambo la ajabu zaidi: magari milioni 7.43 duniani kote, Corolla zikiwemo, kwa sababu ya swichi kuu ya vioo vya umeme mlangoni kwa dereva. Kiwandani grisi ilipakwa bila kuenea sawasawa. Swichi ikaanza kukwaruza, na katika hali fulani ingeweza kuyeyuka au kutoa moshi. Dawa: kupaka grisi maalumu inayostahimili joto. Toyota ilitoa onyo ambalo naomba ulisikilize vizuri: ukijaribu kuilainisha swichi hiyo kwa vilainishi vya kawaida vya dukani, unaweza kuifanya iyeyuke au itoe moshi. Sasa niambie, swichi ya kioo ikianza kukwama, fundi wetu wa gereji ya mtaani anafanya nini kwanza? Anachukua kopo la kilainishi na kupuliza. Ni jambo la busara kabisa kwa mtu ambaye hakuambiwa. Habari isipofika, hata ustadi unaweza kugeuka hatari.

Januari 2020 ziliitwa tena Corolla, safari hii za 2011 hadi 2019, ndani ya wito wa magari milioni 3.4 duniani. Kompyuta inayoamuru mifuko ya hewa ifunguke haikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya vurugu za umeme zinazotokea wakati wa ajali. Ingeweza kuzimika sekunde ileile inayohitajika, mfuko usifunguke. Dawa, pale ilipohitajika, ilikuwa kuchomeka kichujio cha umeme kati ya kompyuta na nyaya zake.

Kopo la chuma ndani ya dashibodi

Nimeuacha wito mkubwa kuliko yote hadi hapa kwa sababu ndio unaotugusa sisi zaidi. Wenyewe unahusu mfuko wa hewa unaofunguka kwa nguvu kupita kiasi.

Ndani ya usukani na dashibodi, nyuma ya mfuko wa hewa uliokunjwa, kuna kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge vinawaka, vinatoa gesi, na mfuko unajaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilianza kutumia amonia nitreti, kemikali ya bei nafuu ambayo wakulima wanaijua kama mbolea. Tatizo lake ni kwamba inapenda maji, na fuwele zake hubadilika umbo joto linapopanda na kushuka.

Kwa hiyo hebu fikiria gari lililoegeshwa juani. Mchana dashibodi inachemka, usiku inapoa, hewa ina unyevunyevu, na hivyo kila siku kwa miaka kumi. Vidonge vilivyokuwa vigumu kama jiwe vinapata vijitundu. Kitu chenye vijitundu kina eneo kubwa zaidi la kuwaka, kama unga wa mbao unavyowaka haraka kuliko gogo. Siku ya ajali, gesi inatoka kwa kasi ambayo kopo haliwezi kuistahimili. Kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye mfuko kuelekea usoni na shingoni. Kifaa kilichotengenezwa kukuokoa kinafanya kazi ya bomu, na wakati mwingine katika ajali ndogo ambayo ungetoka ukilalamikia bampa tu.

Wito wa kwanza ulikuwa wa Honda, Novemba 2008, magari kama 4,000 tu. Mei 2009 msichana wa miaka 18 alikufa Oklahoma ndani ya Honda Accord ya 2001 ambayo haikuwa kwenye orodha ile ya kwanza. Orodha ikapanuliwa baadaye. Aprili 2013 ikaja zamu ya Toyota na wenzake: magari karibu milioni 3.4 ya kampuni kadhaa, yakiwemo milioni 1.73 ya Toyota, na Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikiwemo. Kutoka hapo wito uliongezeka mwaka baada ya mwaka hadi ukawa mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari: makopo kama milioni 67 Marekani peke yake. Vipuri havikutosha. Oktoba 2014, katika maeneo yenye joto na unyevu ya Marekani, Toyota ilisema mawakala wake watazima mfuko wa abiria wa mbele pale ambapo kipuri hakipo, na kushauri mtu asikae kiti hicho. Baadhi ya makopo ya kubadilishia yalikuwa na kemikali ileile, hivyo yakahitaji kubadilishwa tena baadaye.

Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni moja, na mwaka huohuo ikafilisika. Ilikuwa imechezea matokeo ya vipimo vya makopo yake. Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wamekufa na mamia wamejeruhiwa. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, mjamzito alikufa Julai 2014 ndani ya Honda City. Serikali ya Marekani iligawa majimbo kwa kanda kulingana na joto na unyevu, na kanda ya hatari zaidi, yenye Florida, Hawaii na Puerto Rico, ikapewa kipaumbele. Sasa jiulize Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar zingewekwa kanda ipi.

Na kama unadhani hadithi hii imekwisha: tarehe 29 Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari kama 50,000 Marekani wasiyaendeshe kabisa, hata kwenda kwa wakala. Yalikuwa Corolla na Matrix za 2003 na 2004, na RAV4 za 2004 na 2005, zenye makopo yaleyale ya zamani. Kampuni ilijitolea kumtuma fundi nyumbani au kulivuta gari bure. Miaka zaidi ya kumi tangu wito utangazwe, katika nchi yenye sheria kali, madaftari ya kompyuta na posta inayofanya kazi, bado kulikuwa na makumi ya maelfu ambayo hayajaguswa. Gari la miaka 20 limeshapita mikono mingi. Mnunuzi wa kwanza, yule wa barua ya rejista ya 1966, alishaliuza zamani.

Gari linavuka bahari, barua haivuki

Sasa tuje kwetu. Gari la mtumba la Japani, kabla ya kupakiwa melini, linafutwa kwenye daftari la usajili la Japani na kupewa cheti cha kusafirishwa. Umewahi kuagiza gari? Basi unakijua cheti hicho, umekipigia nakala bandarini. Siku kinapotolewa, uzi kati ya gari na mtengenezaji unakatika. Daftari la Japani linamjua aliyekuwa nalo Nagoya. Halimjui aliyelinunua kwenye yadi ya Mombasa, wala anayelifanyia teksi leo Mwanza.

Tangu Mei 2018 Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye makopo hatari ya Takata ambayo hayajabadilishwa. Ni sheria nzuri, maana inamlazimisha mwenye gari hata kama barua aliitupa. Lakini inaishia ufukweni. Na ukaguzi wa kawaida wa breki, taa na matairi, popote unapofanyika, hauwezi kuona vidonge vilivyooza ndani ya kopo lililofungwa.

Marekani ilijifunza kitu kuhusu mipaka mwaka 2000, baada ya kashfa ya matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer. Ilipitisha sheria inayozitaka kampuni ziiambie zikiita magari yanayofanana na ya kwake katika nchi nyingine. Kwa hiyo wito ukitangazwa kwingine, Washington inapaswa kusikia. Habari inakwenda kwa mwenye nguvu ya kuidai.

Kuna mkanganyiko mwingine lazima niuondoe, usije ukasoma makala hii na kwenda kugombana na dereva. Corolla ni jina moja la magari mengi. Zilizouzwa Marekani mwaka 2003 zilitengenezwa California na Kanada, na hazilingani kila kitu na NZE iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Mwaka 2010 wito wa pedeli zinazong'ang'ania haukuzigusa Corolla ambazo namba yake ndefu ilianza na herufi J, zile zilizotengenezwa Japani, kwa sababu pedeli zake zilitoka kwa Denso, si CTS. Kwa hiyo kusikia kwamba "Corolla zimeitwa" hakukuambii chochote kuhusu gari lako. Namba ya chesisi ndiyo inayosema.

Sasa ufanye nini?

Chukua kadi ya gari, au fungua boneti utafute kibati. Gari la soko la Japani lina namba yenye herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu saba. Kwa mfano itaanza NZE121 halafu kistari. Ukiiingiza kwenye mtambo wa kutafuta wa NHTSA wa Marekani utakataliwa, maana ule unataka herufi na tarakimu 17. Usikate tamaa ukadhani gari lako ni safi. Nenda kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, ukurasa wa wito, kuna sehemu ya kuingiza namba ya chesisi. Ni Kijapani, lakini simu yako inaweza kutafsiri. Ukikuta wito ambao haujafanyiwa kazi, piga picha ya ukurasa, uende kwa wakala rasmi wa nchi yako uulize kwa maandishi. Magari ya Subaru, Nissan, Honda na Mazda nayo yana kurasa kama hizo.

Mambo mawili usiyafanye. Usimruhusu fundi wa kawaida aufungue mfuko wa hewa akuangalizie. Lile kopo linaweza kulipuka mikononi mwake. Na usinunue mfuko wa hewa uliotolewa kwenye gari lililokufa. Spea hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyoitwa, ikaingia kwenye gari ambalo halikuwa na tatizo.

La mwisho ni kwa wenzangu mlioko vyuoni, hasa mnaotafuta mada ya mradi wa mwisho. Mamlaka za usajili za nchi zetu tayari zina namba ya chesisi ya kila gari na namba ya simu ya mwenye gari wa sasa. Huwezi kulipa ada wala kuhamisha umiliki bila hizo. Upande wa pili, Japani inatangaza hadharani mfululizo wa namba za chesisi zilizoitwa. Kuzilinganisha orodha mbili na kutuma ujumbe mfupi wa simu ni kazi ya programu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuiandika katika muhula mmoja. Kigumu kitakuwa ruhusa, faragha za watu, na nani atalipia kipuri. Hayo yanahitaji wanasheria na wizara. Lakini ujumbe wenyewe, ule unaomwambia dereva wa teksi wa Mwanza kwamba kopo lililo mbele ya abiria wake liliitwa mwaka 2013, tunao uwezo wa kuuandika leo.